Namba Tasa

Kadi yangu ya utafiti haina jina.
Ina arobaini na saba kwa wino wa bluu,
mwandiko wa Nesi Advera, ambaye saba yake
huikata kiuno.

Jumatatu na Alhamisi, kabla ya chai,
natoka Isevya kwa miguu, tumbo wazi,
nikatoe vichupa viwili vya damu
na kusema hedhi ilikuja lini, kama ilikuja.
Wananipa nauli. Narudi kwa miguu vilevile,
nauli nanunua sukari.

Nimehesabiwa sana katika mji huu wa Tabora.
Mama mkwe alihesabu misimu ya tumbaku: tisa.
Wifi alihesabu mbeleko alizoniletea,
mbili, zimekaa sandukuni mpaka mikunjo imepauka.
Mihayo hakuhesabu kwa sauti.
Alirudi siku moja na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu,
akaitundika darini.
"Bei ya kutupa," alisema, na mimi sikuuliza.

Wote walihesabu kisichokuwepo.

Jeli baridi. Taa ikazimwa.
Kioo kikaanza kunyesha mvua ya kijivu,
na Daktari Kilumanga akawa anamsomea mwandishi wake:
"Kulia, ishirini na tatu. Kushoto, ishirini na sita."
Nikadhani ni namba za nyumba.
Akanigeuzia kioo.

Mimi ni mtu wa asali.
Nachuja asali ya Sikonge tangu sijavunja ungo,
sega nalijua kwa kidole, hata gizani.
Na lile lilikuwa sega:
vijumba vyeusi, duara, vimejipanga ukingoni,
kila kimoja na chake ndani.
"Kwa hiyo mayai yapo?"
"Yapo, tena yamezidi. Kila mwezi yanaanza mengi,
haliivi hata moja. Kama yanasubiriana."

Yanasubiriana!
Nilicheka mpaka jeli ikanitiririka ubavuni.
Miaka tisa ya mizizi michungu,
ya kuogeshwa njia panda saa nane za usiku,
ya kuambiwa shamba hili halioti hata magugu,
na kumbe humo ndani ni foleni,
kila mmoja anamwambia mwenzake, tangulia wewe.

Hakuniahidi kitu, yule daktari.
Alinisomea tena karatasi niliyotia saini:
huu ni utafiti, si tiba;
unaweza kuacha siku yoyote, bila kueleza sababu.
Nilimuuliza kwa nini mimi, na dada yangu ana saba.
"Hatujui," akasema.
Kwa nini ndevu hizi mbili kidevuni? Akaeleza homoni, akafika mahali,
"Hapo hatujui."
Waganga wangu wote walijua.
Walijua mpaka jina la jirani aliyenifunga.

Jioni Limi, binti wa mwenye nyumba,
alikuwa kizingitini na hesabu za kidato cha kwanza.
Akaiona kadi juu ya ndoo.
"Shangazi, arobaini na saba ni namba tasa."

Chujio likanisimama mkononi.
Neno hilo nimelisikia nyuma ya viganja,
msibani, harusini, kisimani zaidi.
Sijawahi kulisikia kutoka kwa mtoto
anayetafuna kifuniko cha kalamu.

"Maana yake?"
"Haigawanyiki. Ila kwa moja na kwa yenyewe."
"Basi?"
"Basi." Akafuta jibu fulani, akapuliza karatasi.
"Haijapungukiwa kitu. Ndivyo ilivyo."

Asali ikaendelea kushuka, taratibu, uzi mmoja.

Alhamisi hii wanaume nao wameitwa.
Mihayo kavaa shati la Idi, amekaa ncha ya benchi
na kikopo cha plastiki kakificha ndani ya kofia.
Kapewa arobaini na nane.
Hiyo, Limi ameshaniambia,
inagawanywa na kila anayepita.
Nimemsogelea mume wangu, bega kwa bega.
Sijamwambia bado.