Tiketi 4471

Kabla ya Julai ving'ora vyetu vilidondokea
kwenye barua pepe ya mtu aliyehamia Singida.
Elfu tisa na ushei, havijafunguliwa,
kama bili zilizosukumwa chini ya mlango wa nyumba tupu.
Yaredi peke yake ndiye aliyechungulia,
kalamu nyekundu, kaunta buku:
saa, mashine, alama ya vema, basi.

Mkuu akasema: unganisheni.
Kila king'ora kiwe tiketi, kila tiketi iwe na mwenyewe,
na saa ianze kuhesabu.

Sisi ni ofisi ya maji, kuunganisha tunakujua.
Nilidhani ni kama kule Mzakwe:
bomba hapa, bomba pale, kiungo katikati,
utepe mweupe kwenye nyuzi, kaza.
Koki sikuifikiria.

Usiku wa kwanza dawati lilifurika.
Tiketi elfu moja mia moja kumi na nne kabla ya alfajiri,
mia nane za printa moja ya uhasibu
iliyokuwa ikibisha hodi kwa seva tuliyoizima mwaka juzi.
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema.
Hawakukesha na mgambo
anayepiga mbiu kila akipiga chafya.

Asubuhi nikachuja.
Zinazofanana ziwe moja.
Zinazojirudia zijiandike chini ya ile ya kwanza, bila kelele.
Maji yakapungua, nikaiona chini ya tope:

mtumiaji s.chidawali,
kuingia kumeshindikana, kila robo saa,
usiku kucha. Mchana, hakuna.
Kipaumbele cha pili. Mhusika: mimi.
Muda uliobaki: saa tatu, dakika hamsini na moja.

Sechelela Chidawali wa dirisha la bili,
aliyetuletea zabibu za Hombolo kwenye ndoo ya rangi.
Tulimzika Machi.

Yaredi akafungua kaunta buku. Vema, vema, vema, tangu Aprili.
"Ni simu yake. Mumewe anaichaji kila usiku, Nzuguni.
Ikiwaka inatafuta barua za kazini.
Nenosiri limepitwa na muda, yenyewe haijui."
"Mbona hukusema?"
"Ningemwambia nani? Singida?"

Mfumo unataka aina ya tukio.
Shambulio. Programu hasidi. Kosa la mtumiaji. Nyingine, eleza.
Nikakaa na hilo *eleza*,
nje upepo ukisugua vumbi kwenye kioo,
hadi saa tatu zikawa moja.

Nikampigia mumewe.
"Naichaji namba isije ikafungwa," alisema.
"Kuna picha za shamba humo.
Na ujumbe wa sauti ambao sijausikiliza hadi mwisho."
Kisha: "Imewakosea nini?"
"Haijatukosea. Inabisha hodi tu."

Nikamwelekeza: mipangilio, akaunti, ile ya kazini, ondoa.
Alisoma kila neno kwa sauti kabla ya kugusa,
kama msoma mita aliyeishiwa tochi.
"Picha hazitaondoka?"
"Haziondoki."
"Apa."
Nikaapa.

Akaunti yenyewe ilikuwa hai tangu Machi.
Huo ndio uliokuwa mlango, na kufuli bovu lilikuwa letu:
hakuna aliyefungua tiketi ya kumfunga.
Nikaifungua. Mhusika: sisi.

Robo saa ikapita kimya. Nyingine.
Yaredi akapiga mstari chini ya jina, vema hakuweka.
Kwenye nafasi ya suluhisho niliandika
*mtumiaji ameondolewa*, nikafuta.
*Kifaa kimeacha kuuliza*, nikafuta.
Nilikuwa bado natafuta neno
tiketi ilipogeuka nyekundu.

Ripoti ya mwezi inasema:
zilizofungwa, mia mbili na sita.
Nje ya muda, moja.