Trei la Thelathini

Kundaeli ana miaka thelathini na minne
na hafiki kumi bila kuiruka saba.
Mimi, mwenye banda la kuku hapa Pasua,
ndiye niliyesema: huyu atanivunjia mayai.

Dada yake, Aikande, hakubishana.
Aliweka trei tupu mezani, akanyamaza.
Kundaeli akachukua yai, akalipuliza vumbi,
akalilaza tunduni, ncha chini,
kama anayelaza kichanga cha jirani.
Matundu yalipojaa, akaacha.
Trei lilikuwa limeshahesabu.

Miezi minne nilimlipa soda na ubwabwa.
Nikauita wema.
Kanisani walinisifu, nami nikasifika,
hadi Aikande alipokuja na swali moja:
"Eliabu unamlipa kiasi gani kwa kazi hii hii?"
Nikawatazama kuku.
Kuku nao wakanitazama.

Sasa hupokea tarehe tano, mkononi mwake,
si mkononi mwa dada.
Huchovya kidole gumba kwenye wino, hugandamiza,
kisha doa lile hulionyesha kwa kila apitaye.
Wateja nao wamejifunza:
kwenye kipande cha boksi Aikande amebandika rangi,
trei moja, noti moja nyekundu,
nusu trei, ile ya zambarau.
Bei ikipanda itabidi tuketi upya na gundi.
Yuko mmoja, simtaji, aliyempa ya bluu akidhani hatajua.
Kundaeli aliilaza juu ya nyekundu,
akaitazama, akamtazama yeye,
akakumbatia trei lake, akarudi nalo.

Mshahara wa kwanza alinunua koti la mvua
pale Memorial, jekundu, refu kupita magoti.
Januari! Jua la Moshi linapasua hata mawazo.
Nikavaa viatu nikalirudishe.
Aikande akasimama mlangoni:
"Ulinunua pikipiki mbovu, wewe.
Nani alikurudisha dukani?"
Nikavua viatu.

Wengine bado humwita mtoto.
Ana mvi mbili kidevuni, nimeziona.

Machi mvua ilishuka kutoka Kibosho bila hodi.
Tulijibana chini ya bati, mimi, Eliabu, na majogoo.
Yeye alikuwa katikati ya uwanja,
anafunika trei kwa nailoni, moja baada ya nyingine,
hana haraka.

Alipoingia niliona bega la kushoto limelowa.
"Kundaeli, koti lako linavuja."
"Najua," akasema.
"Ni langu."