Kijitundu

Tundu. Kitundu. Kijitundu.
Hapo lugha yangu inaketi, inahema,
na bado hatujafika.

Basi chukua unywele mmoja wa Jildou Terpstra,
ule mwekundu ulionasa kwenye kola ya koti lake jeupe,
uuchane kwa urefu, fito elfu nane.
Ufito mmoja, huo ndio upana wa mlango
alioutoboa jana kwa mwale wa elektroni
katika utando ambao chafya ingeupasua.

Wahenga walituasa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta.
Yeye kajenga ukuta
ili apate ufa.

Groningen, Februari, saa tisa za usiku.
Mifereji imeganda. Baiskeli zimevishwa theluji hadi kwenye kengele.
Ndani ya kizimba cha shaba, vidimbwi viwili vya maji ya chumvi,
waya wa fedha huku, waya wa fedha kule,
na katikati ule ukuta wenye tundu moja tu.
Chumvi inapita. Umeme unapita nayo.
Kwenye skrini, mstari wa kijani: nanoampia saba,
ukitetemeka kwa kila kitu:
lifti, jokofu, simu ya mlinzi wa ghorofa ya chini
anayezungumza na mkewe kuhusu bomba lililopasuka.

Chipu ya kwanza ilivunjikia kwenye koleo.
Ya nne, kiputo cha hewa kilikaa mlangoni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ya kumi na tisa ilipanuka yenyewe, bila sababu,
ikawa pango.
Hii ni ya thelathini na saba, na Jildou hajala.

Kidimbwi cha kushoto kina DNA,
nyuzi ndefu za kirusi, zimejiviringa kama sufu isiyochanwa.
Zina chaji hasi; ng'ambo ya ukuta kuna chanya, kunaita.
Zinapaswa kuja.
Haziji.
Kisha mstari unaporomoka, unabaki chini.
Kitu kimekwama.
Anaongeza volti. Kinakwama zaidi.

Ndipo anapomkumbuka mjomba Wiebren kisiwani Ameland,
kwenye pengo la ua, kidole hewani, akihesabu kondoo.
"Kundi halihesabiki," alizoea kusema. "Lipitishe."
Na jike mmoja mnene alipojibana pengoni
watoto wakamvuta masikio,
mjomba akawafokea:
"Msimvute! Mrudisheni nyuma kwanza."

Anageuza volti. Nyuma.
Sekunde mbili. Anarudisha mbele.
Mstari unapanda, saba, unatulia.

Halafu
unashuka kidogo
na kupanda.

Sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kope haziwahi.
Anairudia rekodi, anaivuta iwe pana:
bonde dogo lenye kingo wima.
Mmoja. Si wastani wa mamilioni,
si rangi iliyobadilika ndani ya chupa.
Mmoja, kapita hapa, peke yake,
na kivuli chake kilikuwa chumvi iliyosita.

Wa pili anachimba bonde la ngazi mbili:
kaingia amejikunja, kama wale wapumbavu
waliotaka kupita pengoni wawili wawili.
Jildou anacheka kwa sauti, na kicheko chenyewe
kinaonekana kwenye mstari.

Profesa amelala. Daftarini anaandika saa, volti, idadi.
Jumapili atampigia simu mjomba,
aliyehamishiwa Leeuwarden, ghorofa ya tatu, hana kondoo hata mmoja,
ambaye huuliza kila mara: kazi yenu hasa ni nini?
Amejaribu maneno. Yote ni mapana mno,
hayapiti.
Labda atasema tu: mjomba, nimesimama pengoni.
Labda ataanza kuhesabu,
na mzee, kwa mazoea, atainua kidole.