Mpini wa Ufagio

Barletta, Aprili, saa kumi na mbili asubuhi.
Naumwagia maji uwanja namba nne
kabla jua halijaanza kuula.
Udongo huu ni matofali yaliyosagwa,
na matofali yana kumbukumbu kuliko watu.
Kila kiatu kinachopita kinaandika,
nami, Ruggero wa ufagio na wavu wa kukokota,
nasoma kabla sijafuta.

Yeye huja mapema kuliko makinda.
Ilka Vrbanec, miaka thelathini na saba,
goti la kulia ndani ya bandeji,
anashuka ngazi kwa ubavu
kama mtu aliyebeba beseni lililojaa.
Hapigi mpira kwanza. Anatembea.
Anasema na paja lake kwa Kikroeshia,
maneno mafupi, ya kumwamsha mvivu.

Wanasema ng'ombe hazeeki maini.
Sawa. Lakini mimi sifagii maini.
Mimi nafagia nyayo.

Mwaka juzi aliteleza kuufuata mpira wa pembeni,
akaacha mfereji mrefu kama mpini wa ufagio wangu
na shubiri mbili juu yake.
Niliupima nilipobaki peke yangu.
Mwaka jana hakuja: alikuwa Zagreb, amepasuliwa.
Mwaka huu mfereji unaishia penye waya,
pale mpini ulipopasuka nikaufunga,
na mwisho wake una kishimo cha kisigino
alipojizuia,
mahali ambapo zamani ndipo alipoanza kuteleza.

Aliyoyapoteza miguuni ameyahamishia kiganjani.
Mpira wake wa kudondosha unavuka wavu
kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chakula,
unadunda mara moja, unalala.
Msichana wa Prague, miaka kumi na tisa, mapafu ya farasi,
aliukimbilia mara nane katika seti ya kwanza.
Mara ya tisa alisimama, akaucheka.

Seti ya pili niliona bega la Ilka likishuka.
Mipira yake ya kuanzisha ikapoteza mlio;
pale nilipokaa, juu ya pipa la chokaa,
ilisikika kama mlango wa jirani ukifungwa.
Wakati wa kupumzika akatia chumvi kwenye maji,
akala nusu ya ndizi.
Nusu iliyobaki aliitazama tu.

Seti ya tatu, tano kwa nne, Ilka mbele,
pointi moja tu amalize.
Mpira wa msichana ukaanguka karibu na mstari.
Mwamuzi wa pembeni akapaza sauti: nje!
Refa akaanza kushuka kutoka kiti chake kirefu.
Ilka akafika kabla yake, akainama
(goti lile lile, nililisikia,
au nilidhani nimelisikia),
akaitazama alama, ndogo kama yai la njiwa,
imeigusa chokaa kwa upana wa unywele.
Akaifuta kwa soli ya kiatu.

Pointi ya msichana.
Uwanja ulinyamaza kidogo,
kisha wakapiga makofi, hata muuza aiskrimu,
na mimi nikasahau kwamba sipaswi.

Alifungwa saba kwa tano.

Jioni nilimkuta benchini,
barafu imefungwa gotini kwa mfuko wa nailoni,
akinitazama nikizungusha wavu wangu.
Jumatatu Roma, akasema, kisha Paris,
kama huyu bwana atakubali. Akaligonga goti.
Halafu, bila kunitazama:
"Ruggero, mwaka huu nateleza vipi?"

Nikauegemea mpini.
"Kama mwaka juzi," nikamwambia.

Udongo hausemi uongo; mimi nina ulimi.
Ilka akacheka, maji ya barafu yakimchuruzika
mpaka kwenye soksi nyekundu kwa vumbi,
akanyoosha mkono, akaweka kidole kimoja
juu ya waya wa ufagio wangu,
pale pale hasa,
akakiacha hapo.