Marobota ya Pangani

Tangu Bwana Shemweta atie saini fomu yangu,
siku nne tu, Alhamisi hadi Jumapili,
mwandiko wangu umenyooka.
Saba zangu zina mkia, nane zimebana kiuno.
Nafika ghalani kabla mlinzi hajakunja mkeka,
nimeifuta mizani vumbi la mkonge
ambalo halijaguswa tangu Mfungo Mosi.
Mwanaidi akaniuliza: "Wewe, umepandishwa cheo?"
La. Nimepandwa na hamu.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza.

Wiki ya pili hamu ikanikalia kichwani
kama mgeni asiyesema anaondoka lini.
Makuli wanataja uzito, "Mia mbili na hamsini!"
mimi naona kitanda cha dada yangu kule Pangani,
neti iliyofungwa fundo,
dirisha lisilo na mtu wa kuniita,
saa nne asubuhi nami bado nimelala,
uji unapoa na haunidai kitu.
Kila robota nalilipa nusu jicho.
Nusu nyingine imeshatangulia,
imevua viatu.

Jumanne, saa nane mchana,
simu kutoka bandarini. Kisha kimya.
Kisha Shemweta mlangoni, karatasi mkononi:
"Zamda, hapa, mwisho wa safari, umeandika nini?"
Nikausoma mwandiko wangu mzuri.
Marobota mia tatu, daraja la kwanza,
yaliyokuwa yakisubiriwa ng'ambo,
nimeyapeleka yote Pangani.

Sikuwa na la kusema.

Akavuta kiti, akacheka chinichini
mpaka miwani ikamteleza puani,
akafungua kitabu chake kikubwa cha hesabu,
akanionyesha pembeni, kwa penseli,
vistari vimepangwa kama meno ya kitana,
vingine vimekatwa.
"Nini hivi?"
"Desemba," akasema. "Naihesabu tangu Julai.
Nikikata kimoja, nafanya kazi kama kijana.
Nikivitazama vyote, hata kujumlisha siwezi."

Akanipa kalamu.
Nikaikata Pangani kwa mstari mmoja,
ikaniuma kidogo,
nikaandika bandari yenyewe kwa herufi kubwa.
Lori likaondoka, marobota yamelaliana,
nyuzi zao nyeupe zikipepea langoni,
yanakwenda mahali ambapo hayakuwahi kupatamani.

Imebaki siku moja na nusu.
"Linalofuata!" nikaita,
na hilo nikalitazama kwa macho mawili.