Nambari 411, Nambari 412

Jokofu letu hapa Cochabamba tunalifunga kwa kamba ya kiatu.
Umeme ukikatika, damu za watu huoza,
na mwaka mzima wa Daktari Nilda hugeuka uvundo.
Mimi kazi yangu ni kulisha wadudu:
namshika kuku, nampapasa mpaka asinzie,
nao wanamfyonza kifuani, kimya, kama wageni wenye adabu.

Ni wadudu wa nyufa. Hukaa katika kuta za udongo,
hushuka mtu akilala, humng'ata karibu na mdomo,
kisha miaka ishirini hakuna neno.
Hata benki haina subira hiyo.
Halafu moyo unaumuka kama unga uliotiwa hamira
na mtu anaanguka huku anamenya viazi.

Tuliomba fedha. Kurasa tisini,
na ramani, na picha za marehemu.
Jibu lilikuja na heshima zake zote:
ugonjwa wenu hauna soko.
Daktari alilibandika juu ya sinki.
Mkono mtupu haulambwi; tukaendelea kunawa.

Juni akaja Don Wálter Arancibia, mwenye soya
ambayo hata kwa ndege huoni mwisho wake.
Alitaka tuchunguze uzee.
"Nizuieni hapa hapa nilipo," alisema,
akaiweka hundi mezani, kando ya kuku.

Daktari hakuigusa.
"Ulizaliwa wapi?"
Akaizungusha pete yake.
"Mizque. Nyumba ya udongo. Tulikuwa tisa, kitanda kimoja."
"Vua shati."

Kule kwenye vizimba nilisikia chumba kinavyotulia.

Sasa tuna jokofu jipya, linakoroma kama paka aliyeshiba.
Tuna jengo, na jina lake mlangoni kwa herufi za shaba.
Watu wananiambia nifurahi. Nafurahi.
Ila namkumbuka Basilia Colque, muuza mikate,
aliyelipa nauli kwa mayai ili aje atupe damu yake.
Aliuliza kama kuna dawa. Nikatazama sakafu.

Katika daftari wamefuatana, 411, 412,
mioyo miwili iliyovimba sawa kwa milimita.
Mdudu hakuuliza nani ana nini.
Sisi ndio tuliouliza.

Kila Jumatatu naing'arisha ile shaba kwa limau,
kisha narudi kumshika kuku.