Mstari wa Nuktanukta

Sieni husoma mawe bila kuyagusa.
Ofisini Apia, ghorofa ya pili, feni imekufa tangu Jumatatu,
na setilaiti, kila siku ya kumi na mbili,
humtupia kisiwa cha kwao, Savaii, kikiwa kijivu chote:
penye mng'ao, lava ni miba juu ya miba;
penye giza, ililala kama uji uliomwagika ukaganda,
rada ikateleza juu yake, isirudi.

Ndiyo kanuni, naye ameizoea:
chenye kuparuza huonekana,
laini hupotea.

Kando ya Savaii, mezani, amemlaza Zuhura.
Zuhura wa mawingu ya tindikali, asiyevua buibui
hata mbele ya jua.
Chombo kilichompapasa kiliungua zamani;
umebaki mwangwi, nao ndio uso.
Sieni hupima ulimi wa lava wa huku na ulimi wa kule,
hulinganisha mng'ao, huandika: *mtiririko mmoja*.
Huandika tena: *mmoja*.
Mkuu wake hupenda neno hilo. Huokoa wino.

Jumamosi akapanda feri, ramani ndani ya bomba la plastiki.
Mjomba Tuloma yuko getini kwenye uwanda mweusi,
anakata tiketi za watalii, kiunoni lavalava,
(usicheke, ni shuka tu)
akaikunjua ramani juu ya kopo la rangi.
"Umechora mto mmoja."
"Rada imeona mmoja."
"Ulikuja mara mbili. Katikati, wiki tatu,
bibi yangu, msichana wa miaka tisa,
alirudi na mama yake kuchimba magimbi.
Sasa niambie, walichimba moto?"

Sieni alikuwa na jibu, lenye desimali.
Akalimeza.

Wakaenda mpaka ukingoni, mikoko ya mawe ikilia chini ya viatu,
mjomba akafunua majani ya jimbi kama mtu anayefunua sufuria.
Jiwe juu. Jiwe chini.
Kati yao udongo mwekundu, umeokwa, unene wa kiganja,
na ndani ya udongo tundu la mviringo
lililokuwa shina la kitu.
Sieni akatia kidole. Kikaingia chote.

Kisha kanisani, maana huwezi kufika hapo usiingie.
Kuta zimesimama. Lava ilipita mlangoni kama muumini,
ikajaa mpaka madirishani, na paa likaangukia
jiwe lingali teke.
Bati limeliwa na kutu, halipo.
Migongo yake ipo: mistari, mistari, juu ya jiwe.
Akapitisha vidole, akahesabu kumi na saba,
akapotea, akaanza upya.
Kwenye picha yake kanisa hili zima
ni nukta moja, mita ishirini kwa ishirini,
kijivu kuliko jirani zake kidogo.

"Tala kumi," mjomba akasema mlangoni. "Hata wewe."
Akalipa.

Jumatatu feni bado. Sieni akaugawa mto wa Saleaula,
akaandika *miwili*, akaandika chanzo: *T., kwa mdomo na kwa kidole*.
Mkuu akainua nyusi, akaacha.
Halafu Zuhura.
Ulimi uleule mrefu, mng'ao uleule,
na pale hakuna geti, hakuna wa kukunjua ramani
juu ya kopo la rangi akuambie umekosea.
Pengine mmoja. Pengine mia moja,
na kati ya mmoja na mwingine kimya cha miaka elfu,
chembamba kuliko kiganja.

Akakaa mpaka taa za barabarani zikawaka.
Akafuta mstari mzito aliouchora mwezi wa tatu,
akachora mwingine, wa nuktanukta.
Kwenye ufunguo wa ramani maana yake ni *mpaka usio hakika*.
Yeye, akinoa penseli, aliziacha zile nafasi
zipane kidogo kuliko sheria inavyotaka,
mtu apate kupita na jembe.